Robo Glasi ya Mudende

Jumamosi, 27 Julai 1957

Mavuno! Leo nimevuna zabibu zangu za kwanza huko Mudende, juu kabisa mlimani, mahali ambapo ng'ombe wanatoa moshi puani asubuhi kama wazee wenye kiko. Vitunga vinne vimejaa. Mimi Nzabonimpa, ambaye kwa miaka kumi na moja nilibeba sinia katika hoteli ya pale ufukweni na kuwamiminia Wazungu divai bila kumwaga tone, sasa nina duka langu la chumvi, sabuni na mafuta ya taa hapa Nengo, karibu na ziwa, na mizabibu mia moja na arobaini. Hakuna aliyenisaidia. (Shamba alinipa baba mkwe. Lakini mizabibu ni yangu.)

Niandike hesabu yangu hapa, watoto waje kuisoma. Hotelini nilijifunza kwamba divai nyeupe ambayo mabwana wakubwa wanafumba macho ili waionje vizuri inatoka nchi za baridi. Kuna mto mmoja wa Wadachi, ukungu mtupu, milima imesimama wima. Divai ya huko ina makali safi, inaamsha ulimi. Ile ya nchi za joto ni tamu na nzito, mtu anakunywa glasi mbili analala na kofia kichwani. Donc, yaani kwa hiyo, siri ni baridi. Kipimajoto changu (zawadi ya hoteli nilipoacha kazi, wao wanasema nilikichukua) kinaonyesha digrii ishirini na moja hapa ziwani, na kumi na nne kule Mudende. Tofauti saba. Kwa hiyo divai ya Mudende itaizidi kwa digrii saba divai yoyote itakayotoka kando ya ziwa. Haya si maoni. Ni hesabu ya kutoa.

Na kando ya ziwa yuko Mukantwari. Mjane, mpikaji wa urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Mzabibu wake ni ule mweusi wa zamani. Alikata tawi kwenye mzabibu unaotia kivuli baraza la masista, akalichomeka nyuma ya jiko lake, basi. Hakuuliza ni wa aina gani. Mimi niliuliza! Padri Ludoviko alipoleta vijiti kutoka Ulaya miaka mitatu iliyopita, alikuwa na mafurushi mawili: moja la aina inayoiva mapema, jina lake la kawaida tu, na moja la Riesling. Nikachukua Riesling. Jina linasikika kama voiture, gari la mabwana, tena mpya. Padri alinionya kwamba hiyo ni mvivu wa kuiva. Nikamwambia mimi si mtu wa haraka.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe kumi na tano Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Padri ataonja divai yangu na ya Mukantwari. Na baba mkwe, mzee Munyakazi, ametoa sharti lake mbele ya watu: Padri akimaliza glasi yangu hadi chini, shamba linabaki la mizabibu. Asipoimaliza, mizabibu inang'olewa na viazi vinarudi kabla ya mvua za Septemba. Alisema viazi havijawahi kumfanya mwanamume avae kofia ya majani na kuongea na miti. Nilivaa kofia ile mara moja tu. Kulikuwa na jua.

Jumapili, 28 Julai

Zabibu ni chachu. Kidogo.

Mke wangu Mukagasana alionja moja, akafunga jicho moja. Nikamwuliza anaionaje. Akasema nisubiri kwanza jicho lifunguke.

Baada ya misa nilimpelekea Padri kichala kimoja. Alikigeuzageuza. Kwenye kichala hichohicho kulikuwa na zabibu za manjano, zabibu za kijani, na pembeni ua dogo likichanua kama vile mwaka ndio unaanza. Padri akasema hilo ndilo aliloliogopa. Baridi ya Ulaya, alisema, ina saa yake ya kulala: mti unaangusha majani yote, unalala chini ya theluji, halafu kiangazi kinakuja na jua linalobaki angani hata baada ya watu kula chakula cha jioni, na zabibu zinaiva zote pamoja. Baridi ya Mudende ni ileile Januari na Julai. Mti haulali wala hauamki. Kwa mahali kama pale ingefaa ile aina inayoiva upesi, kabla haijachoka. Aliyasema kwa upole sana, ndiyo maana sikusikia vizuri.

Akanishauri nilizobakiza niziache mtini. Sikubakiza hata moja.

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Halafu, mbele ya mlango wa duka langu, nikaona mwanamke akipita na mkungu wa ndizi mbichi kichwani. Nikasimama. Yewe!

Nani katika nchi hii hajui? Ndizi inakatwa ikiwa ngumu kama kuni. Inafukiwa kwenye urwina, yaani shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Moto unawashwa pembeni, moshi na joto vinaingia, shimo linafunikwa kwa udongo, na baada ya siku chache unafukua sukari tupu. Babu zetu walifanya hivyo kabla Mzungu hajajua njia ya kuja hapa. Tunda ni tunda! Na hao Wazungu, na vizibo vyao na glasi zao ndefu, katika karne zote hizo hakuna hata mmoja aliyewaza kufukia zabibu. Nimekuwa wa kwanza duniani. Nimemweleza Mukagasana. Jicho lake limejifunga tena, na safari hii hakuwa amekula kitu.

Jumatatu, 29 Julai

Tatizo dogo. Mudende hakuna urwina kwa sababu hakuna ndizi, na hakuna ndizi kwa sababu ya baridi. Baridi yangu, ile niliyoisifu. Ikabidi kuteremsha vitunga viwili kwa baiskeli hadi Nengo, breki zikilia njia nzima. Viwili vingine nimeviacha kwa baba mkwe.

Tatizo la pili. Urwina bora kuliko zote Nengo ni ya Mukantwari.

Nilimwendea kwa adabu. Nilimwita Mama. Nilisema nina ndizi kidogo za ubatizo wa mtoto wa ndugu yangu, naomba pembe moja ya shimo. Vitunga nilikuwa nimevifunika majani ya mgomba vizuri kabisa. Akakinyanyua kimoja, akakitikisa. Akauliza ni ndizi gani hizi zinabingirika ndani. Nikasema ni ndizi fupi za Mudende. Akasema Mudende hakuna migomba. Nikasema ndiyo maana ni fupi.

Akakitikisa tena. Kisha akasema bon, haya basi, ziingie, na kwa kuwa ni za ubatizo ataongeza moto. Mwanamke mwenye moyo kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 1 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulifukua asubuhi. Nilitaka tuwe wawili tu, lakini Mukantwari alikuwa amewaalika wanawake wote wanaomsaidia kukamua ndizi, eti ubatizo ni furaha ya wote. Majani yakaondolewa. Moshi ukatoka. Ndizi zake zilikuwa za manjano, laini, zinanukia hadi barabarani. Zabibu zangu zilikuwa za kahawia, zimekunjamana, nyingine zimeota ndevu nyeupe.

Nikaonja. Uchachu haukuguswa. Ulikuwa umekaa mle ndani na moshi wake, kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Mukantwari akaokota moja, akaiinua juu watu wote waione. "Mutoto wa ubatizo ni huyu? Mbona anafanana na nyanya yake?" Wale wanawake wakashikana mabega ili wasianguke. Akamtupia kuku. Kuku akaigusa kwa mdomo, akaenda zake. Kuku yule amelelewa vibaya.

Tangu leo hapa Nengo jina langu ni Baba Ndizi Fupi. Mtu aliyejijenga mwenyewe kwa mikono yake miwili! Duka langu limepigwa chokaa mara mbili, mbele na nyuma!

Ijumaa, 2 Agosti

Nilimwuliza Padri kwa niaba ya rafiki yangu mmoja: kwa nini ndizi inaiva shimoni na zabibu haiivi? Alisema ndizi inakatwa ikiwa na unga wake ndani, joto linaugeuza ule unga kuwa sukari. Zabibu haina akiba. Sukari yake inaletewa na majani siku kwa siku, na siku unapoikata, mlango umefungwa. Nikamshukuru. Akasema nimsalimie rafiki yangu, na nimwambie koti lake linanuka moshi.

Bon. Nilipanda Mudende mchana. Vitunga viwili vilivyobaki nikavikanyaga mwenyewe, miguu imeoshwa kwa sabuni ya dukani kwangu, ile nzuri. Zile za shimoni nilitupa zenye ndevu, zilizobaki nikazichanganya humo. Kutupa vyote ingekuwa kukubali. Lita ishirini na mbili katika mtungi wa udongo. Nimeuacha jikoni kwa baba mkwe, kwenye baridi. Divai ya baridi izaliwe kwenye baridi.

Jumatatu, 5 Agosti

Mtungi umenyamaza.

Inapasa uchemke wenyewe, utoe povu. Hakuna. Maji ya zabibu yametulia kama watoto wa shule siku ya mkaguzi. Baba mkwe aliweka sikio lake kwenye mdomo wa mtungi, akakaa hivyo kwa muda, halafu akasema hata maziwa yake yanapiga kelele kuliko hii. Kisha akatoka nje kupima shamba langu kwa macho, mstari kwa mstari, jinsi mtu anavyopima mahali pa kupanda viazi.

Shetani akanijia. Kwenye urwagwa, kila mtu anajua, pombe ikichelewa unatia konzi mbili za mtama uliokaangwa na kusagwa, na kabla ya kesho inaimba. Konzi mbili tu! Mtama ulikuwepo, kwenye kikapu, umbali wa mkono. Lakini Padri alishasema: zabibu, na zabibu tu, vinginevyo hata hatainusa. Nikaurudisha mkono. Naomba iandikwe kwamba niliurudisha.

Mukagasana alinyoosha kidole kwenye kipimajoto: kumi na mbili. Akasema labda iko na baridi, Baba Tereza, tuiteremshe ziwani ipate joto. Nikamwambia mambo ya divai aniachie mimi. Nikafikiri nusu saa. Nikaamua tuiteremshe ziwani ipate joto.

Alhamisi, 8 Agosti

Inachemka! Hapa Nengo, nyuma ya duka, povu hadi shingoni mwa mtungi, sauti kama mvua kwenye majani. Wateja wanauliza ni nini. Nawajibu kwa Kifaransa. Nimegundua kwamba joto nalo lina kazi yake. Kwa kweli nilikuwa ninajua.

Mukantwari alipita akasikia. Akasema ya kwake ilishamaliza kuchemka zamani, nyuma ya jiko hakuna kungoja. Nikasema cha haraka ni cha sokoni. Akasema sawa, Baba Ndizi Fupi, tukutane kwa Padri.

Nilimtuma Mukagasana aende kuonja kwa siri, kama jirani tu. Alirudi jioni. Alisema ni tamu, nyeusi, inanukia maua, inateremka bila kupiga hodi. Nikamwuliza amekunywa kiasi gani. Akasema glasi mbili. Alilala na kilemba kichwani. Nadharia yangu imethibitishwa.

Alhamisi, 15 Agosti. Sikukuu

Baada ya misa, barazani kwa Padri. Nimevaa tai. Baba mkwe ameshuka kutoka Mudende na fimbo yake na wazee wawili wa kushuhudia. Mukantwari amevaa mushanana, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, wa rangi ya zambarau, bila shaka ili ufanane na divai yake.

Ya kwake ikaanza. Padri akanywa nusu glasi, akaiweka chini. Akasema ina moyo mwema, inanukia matunda, lakini imelala. Joto la ziwani limeiivisha hadi ukali wote umekwisha. Ina nyama, alisema, lakini haina mgongo. Nikajizuia nisicheke. Nikacheka.

Kisha ya kwangu. Nyeupe, na kivuli kidogo cha kahawia ambacho si kila mtu angekiona. Padri akanywa funda moja. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Akauliza kwa huzuni ya kweli kama nyumba yangu iliungua.

Nikamsikia baba mkwe nyuma yangu akimwambia mzee mmoja habari za mbegu za viazi.

Padri akasema subiri, kuna kitu ndani yake. Akasema inakata, inang'aa, inasimama wima, "lakini Nzabonimpa wangu, hii ni mgongo mtupu, nyama iko wapi?" Akatazama glasi yangu. Akatazama ile nusu ya Mukantwari. Kisha, kama mtu anayecheza tu, akachukua glasi tupu, akatia ya Mukantwari robo tatu, juu yake akatia ya kwangu robo.

Akanywa. Akanywa tena. Akainamisha kichwa nyuma, akaimaliza hadi chini, tone la mwisho likaingia mdomoni, watu wote wakiona! Wakapiga makofi. Mimi nikapiga zaidi. Padri akasema huko wanakojua divai, watu wanahangaika wapate kilima kimoja chenye joto la kuivisha na baridi ya kutunza ukali. Sisi hapa tuna ziwa na mlima kwa mwendo wa baiskeli. Akasema tuungane, Mukantwari na mimi, tumtengenezee mtungi mmoja mwaka kesho. Na kwamba lile furushi la zabibu za kuiva mapema alilipanda nyuma ya sakristia, atanikatia vijiti wakati wowote.

Nikamgeukia baba mkwe, kifua mbele. Nikasema, Baba mkwe, glasi imekwisha hadi chini.

Mzee Munyakazi akasimama. Akasema ni kweli, imekwisha, yeye si mtu wa kukana alichokiona. Lakini mkwe wangu, katika glasi ile ya kwako ilikuwa kiasi gani? Nikasema robo. Akawauliza wazee wake. Wakasema robo. Akasema basi: robo ya shamba ni ya mizabibu, robo tatu ni ya viazi.

Nilirudia hesabu ile njia nzima kurudi nyumbani, nikitafuta kosa. Hakuna kosa. Mimi, mtu wa hesabu, nimenyang'anywa mizabibu mia moja na mitano kwa kugawanya!

Mukantwari alinifuata hadi kwenye lango la misheni. Hakunitania. Alisema: "We leta mifupa, mi naleta nyama. Tufanye kazi." Nikamwambia nitafikiri.

Ijumaa, 16 Agosti 1957

Nimefikiri.

Mukagasana anasema jambo liko wazi: niungane na Mukantwari, nichukue vijiti vya kuiva mapema, nipande kwenye ile pembe ya chini ya shamba, karibu na ukuta wa mawe, ambapo jua linapiga na upepo haufiki. Anasema hata mtoto angeona. Ndiyo, mtoto angeona hivyo. Mtoto hajui hesabu.

Tazama. Robo moja tu ya divai yangu iliingia katika robo tatu za divai iliyolala, na Padri akaimaliza hadi chini. Robo moja! Donc, glasi yenye robo nne za kwangu ingekuwa nzuri mara nne. Kilichoharibu ni kwamba jana hakuinywa ya kwangu peke yake kwa utulivu, alikuwa bado na njaa ya mfungo wa misa. Sasa kwa nini nimruhusu Mukantwari aje kunipunguza kwa robo tatu? Nimemtumia kipande cha sabuni, ile nzuri, na salamu kwamba nashukuru lakini ninafanya kazi peke yangu, kama kawaida.

Leo nimepanda Mudende kuchagua robo yangu. Baba mkwe alisema nichague pembe yoyote. Nikachukua ya juu kabisa, kule ambako ukungu hautoki hadi saa sita mchana. Kipimajoto: kumi na moja. Tofauti na ziwa ni kumi kamili! Nilikuwa na saba, sasa nina kumi. Baba mkwe hakubishana. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia niendelee hivyohivyo.

Zabibu zitakuwa chachu kidogo, hilo nalijua, mimi si mjinga. Kosa la safari iliyopita lilikuwa shimo la kuazima na moto wa adui. Kwa hiyo jioni hii, kwenye pembe yangu, nimeanza kuchimba urwina yangu mwenyewe.

Mukagasana alisimama ukingoni na taa mkononi, akaniuliza shimo hili la nini, na Mudende hakuna ndizi.

Nikamwambia: fupi zipo.